Tetekuwanga Iliyorudi Tumboni

Simu ya dada yangu iliingia saa nane za usiku. Mtu akipigiwa saa hiyo, mkono unashika simu na moyo ushaanza kusema inna lillahi. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Ila mwanawe wa kike wa miaka saba, mpwa wangu, tumbo lilikuwa limefura na kukaza kama ngoma iliyowambwa juani, anatapika maji ya kijani, na kwa siku tatu choo hakuna wala upepo haumtoki.

Mtoto huyu anatibiwa saratani ya damu tangu mwaka juzi. Ile awamu kali ya mwanzo, ya kupukutika nywele na kulazwa wiki kwa wiki, ameimaliza. Sasa yumo katika awamu ndefu ya kudumisha matibabu: vidonge nyumbani kila siku, na kila mwezi safari ya hospitali kudungwa sindano na kuanza steroidi za siku tano. Anasoma, anacheza, anagombana na ndugu yake mdogo. Asiyemjua hawezi kumtambua kuwa mgonjwa.

Maumivu yalianza Jumatatu. Jumanne bibi yake akasema ni mchango, akataka kumnywesha kastoroili. Jumatano kliniki moja ikamwandikia dawa ya minyoo na kumrudisha nyumbani. Alhamisi usiku ndiyo ile simu. Kabla ya adhana ya alfajiri tulikuwa hospitali kubwa, na kulipopambazuka eksirei ilikuwa mkononi mwa daktari: matumbo yamejaa hewa na kutanuka kama mipira ya baiskeli iliyopigwa pampu kupita kiasi.

Akaitwa daktari wa upasuaji. Tumbo kama hilo kwa kawaida maana yake kuna kitu kimeziba njia: utumbo umejisokota, umejiingiza ndani ya sehemu nyingine, au kuna fundo la minyoo. Hayo hukatwa, tena haraka. Lakini picha ya CT haikuonyesha kizuizi. Njia ilikuwa wazi tangu juu hadi chini. Utumbo wenyewe ndio uliokataa kwenda.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa ile sindano ya kila mwezi, vinkristini, na si kwa kuonewa. Dawa hiyo inajulikana kudhuru neva, na watoto wengi wanaoipata hufunga choo. (Kwa faida ya wapenda mimea: asili yake ni ule mmea mdogo wenye maua ya waridi na meupe unaoota hata kwenye nyufa za kuta zetu, asili yake Madagascar. Nakuomba usiuchemshe. Kilicho dawa kwa kipimo cha maabara ni sumu kwa kipimo cha sufuria.) Basi mtoto akaingizwa mpira puani kutoa maji ya tumbo, akafungiwa chakula, akatundikiwa maji ya mshipa, tukaambiwa tungoje.

Jumamosi asubuhi dada alikuwa akimfuta mwili kwa kitambaa, akaona vipele vitano au sita vya maji kiunoni, upande mmoja. Hadi adhuhuri vilikuwa vimetokeza kifuani na usoni. Daktari kijana, wa wale walio katika mwaka wa mazoezi, akaviangalia kwa tochi ya simu, akauliza swali ambalo kwa siku tano hapakuwa na mtu aliyeliuliza: "Mama, huyu ashawahi kuugua tetekuwanga?"

Dada akajibu kwamba ndiyo, alipokuwa na miaka mitatu, kabla ya saratani, na tetekuwanga haimpati mtu mara mbili.

Jibu hilo sote tumelelewa nalo. Ni kweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuwa imemlaza mpwa wangu.

Tetekuwanga ni ugonjwa wa virusi viitwavyo varisela zosta. Mtoto akiviambukizwa, hukaa siku 10 hadi 21 bila dalili, kisha homa, kisha vipele vya maji vinavyowasha. Wiki moja au mbili vinapiga magamba na mtoto anarudi mchezoni. Lakini virusi haviondoki mwilini. Baadhi yake huingia katika neva, yaani mishipa ya fahamu, na kulala humo maisha yote. Havizaani, havidhuru, havionekani. Kinachovifanya viendelee kulala ni askari wa damu, zile seli nyeupe zinazoitwa seli T, ambazo zinavijua na kuvilinda kama mlinzi anavyokaa mlangoni mwa ghala. Mlinzi akidhoofika, kwa uzee au maradhi au dawa, virusi huamka na kutembea kwa njia ya neva hadi kwenye ngozi. Hapo ndipo tunapopata kile tunachokiita mkanda wa jeshi: vipele vyenye maumivu makali vilivyojipanga upande mmoja wa mwili.

Hayo ya ngozi tunayajua. Ambalo wengi hatulijui ni kwamba tumbo nalo lina neva zake, na virusi hivyo hulala huko pia.

Ndani ya ukuta wa utumbo, kutoka kooni hadi njia ya haja kubwa, kuna wavu wa seli za neva zaidi ya milioni 100. Zimepangwa kwa matabaka mawili, na kila tabaka lina vifundo vidogo vidogo vya seli, vimeunganishwa kwa nyuzi. Wavu mmoja, ule ulio katikati ya misuli, unaongoza mwendo: hapa kaza, mbele yake legeza, sukuma, pumzika, sukuma tena. Ule mwingine, ulio chini ya ngozi ya ndani ya utumbo, unashughulika na maji, chumvi na damu. Huu ndio mfumo ambao profesa Michael Gershon wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliuita ubongo wa pili katika kitabu chake cha mwaka 1998, na jina likashika, kwa sababu unaweza kufanya kazi bila kungoja amri kutoka kichwani. Ukitaka ushahidi kumbuka asubuhi ya Idd-ul-Adh'ha. Mbuzi keshachinjwa, kichwa kiko kando, na matumbo kwenye beseni bado yanajinyonga taratibu. Watoto hukimbia wakipiga kelele kwamba mbuzi yu hai. Si uhai, ni ule wavu unaendelea na kazi yake ya mwisho.

Wavu huo ukiharibika, utumbo unakuwa bomba lisilo na nguvu. Chakula na maji vinatuama, hewa inajaa, tumbo linafura, mtu anatapika, na daktari anayepapasa anadhani njia imeziba. Madaktari wana jina lake refu. Kwa lugha yetu naweza kusema ni kuziba kwa uongo. Wako watoto wanaozaliwa bila seli hizo za neva katika sehemu ya mwisho ya utumbo, na hao hujulikana mapema, maana mtoto mchanga hukawia kutoa choo chake cha kwanza. Mpwa wangu hakuwa hivyo. Yeye alizaliwa na wavu kamili, ukaja kuvamiwa.

Mambo ya virusi vya tetekuwanga kulala tumboni yamefuatiliwa sana na huyo huyo Gershon akishirikiana na mke wake, Anne Gershon, daktari wa watoto na bingwa wa tetekuwanga. Mume utumbo, mke virusi. Nadhani nyumba hiyo mazungumzo ya mezani hayakuwa ya kawaida. Walichunguza vipande vya utumbo vilivyotolewa kwa watoto waliopasuliwa kwa sababu nyingine, na kwa wale waliowahi kuugua tetekuwanga au kuchanjwa wakakuta alama za virusi ndani ya neva za utumbo. Wakafanya majaribio kwa panya-buku wa maabara, wakaona jinsi virusi vinavyosafiri: vinapanda seli zile zile za damu zilizowekwa kutulinda, zinavibeba hadi kwenye vifundo vya neva, na kuvishusha humo. Kisha vinalala. Siku vikiamka tumboni, vipele huenda visionekane kabisa, kwa kuwa neva za utumbo haziendi kwenye ngozi. Ni mkanda wa jeshi uliofungwa kwa ndani.

Kwa mtu mwenye kinga nzuri, mwamko kama huo huzimwa mapema. Kwa mtoto asiye na kinga, virusi vinazaana ndani ya seli za neva na kuziua, vinaenda kwenye jirani zake, vikizidi vinaingia kwenye damu na kufika ini, mapafu na hata ubongo. Hapo ugonjwa unaua. Na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni hiyo tuliyoiona sisi: maumivu makali ya tumbo, siku kadhaa kabla ya kipele chochote kutokea. Madaktari wa saratani wanaijua hadithi hii, na wako wagonjwa waliofunguliwa tumbo wakitafutiwa kidole tumbo, ndani hakukutwa kitu, na vipele vikatoka keshoye.

Tukisema mtoto asiye na kinga tunamaanisha nani? Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wakisikia neno hilo wanafikiria maradhi mamoja tu. Mpwa wangu alipotokwa na vipele, jirani mmoja aliyekuja kumtazama alimnong'oneza mwenzake mlangoni kwamba "ule ni mkanda, na mkanda tunajua unatoka wapi." Dada alisikia. Kweli, miaka ya nyuma kijana akitoka mkanda wa jeshi watu wa hospitali walimshauri apime virusi vya UKIMWI, na ushauri huo ulikuwa na bado una maana. Mtoto aliyezaliwa na virusi hivyo na hajaanzishiwa dawa, au amekatiza, kinga yake iko chini na yumo hatarini. Lakini si yeye peke yake. Kuna mtoto wa saratani. Kuna mtoto mwenye maradhi ya figo, yule anayeamka uso umevimba, ambaye hunywa steroidi miezi mingi. Kuna aliyepandikizwa kiungo. Kuna mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, na sote tunajua hali inavyokuwa Tana River na bara ya Kwale mvua zikikosekana. Kuna aliyetoka kuugua surua, ugonjwa ambao hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga na kumwacha mtoto mnyonge kwa muda mrefu. Wote hao unaweza kuwakuta katika darasa moja la chuoni, wamekaa mkeka mmoja, na hakuna alama usoni.

Tena tetekuwanga haiko peke yake katika kazi hii. Kuna virusi vya ukoo huo huo viitwavyo sitomegalo, ambavyo watu wengi wa nchi zetu hupata utotoni bila hata kujua. Tangu miaka ya 1980 madaktari wameandika juu ya wagonjwa ambao virusi hivyo vilikutwa ndani ya neva za utumbo uliosimama. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba virusi vya West Nile na vya Zika, vinavyoenezwa na mbu, vinaweza kuingia katika neva za utumbo na kuupunguzia mwendo, na kwamba baadhi ya panya waliopona waliendelea kuwa na utumbo mzito kwa wiki nyingi. Jambo la kushangaza ni kwamba sehemu ya uharibifu ilifanywa na askari wa kinga wenyewe, walipokuwa wakiua seli za neva zilizoambukizwa. Nilipoyasoma hayo mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa chikungunya, maana Mombasa mwisho wa mwaka 2017 tulitembea kwa kuinama kama wazee wa miaka tisini. Hiyo nayo waliijaribu, haikuonyesha madhara hayo. Tushukuru kwa kidogo.

Turudi wodini. Yule daktari kijana alimpigia simu mkubwa wake, na mkubwa hakungoja majibu ya maabara. Sampuli ya damu ilitumwa Nairobi kutafutwa chembe za virusi, lakini dawa ilianza alasiri ile ile: asiklova ya mshipa, kila saa nane, na maji mengi ili figo zisiumie. Dawa hii ni ya ajabu kidogo. Ikiingia mwilini huwa imelala, na kinachoiamsha ni kimeng'enya cha virusi wenyewe. Kwa hiyo inawaka hasa ndani ya seli iliyovamiwa, na seli nzima zinaachwa salama kwa kiasi kikubwa. Bi Gertrude Elion, mmoja wa waliosimamia kazi iliyoizaa, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Siku hizi ni dawa ya kawaida, ipo katika hospitali zetu. Ukosefu wake sio tatizo kubwa. Tatizo ni kuikumbuka mapema, kwa kuwa inazuia virusi kuzaana na haifufui neva iliyokwisha kufa. Kila siku inayopita ni vifundo vingine vimepotea.

Bibi yake alileta kombe, limeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Muuguzi, naye binti wa Kiislamu, alimweleza kwa adabu: bibi, mtoto ambaye utumbo umesimama hapaswi kumeza chochote, hata maji matupu, kwa sababu kitarudi kwa kutapika na kinaweza kuingia mapafuni. Bibi hakubisha. Akalipaka kombe kwenye paji la uso la mjukuu, akamsomea na kumpulizia, sindano ikiendelea kushuka upande wa pili. Sikuona mgongano wowote pale, na sijui kwa nini watu hupenda kuutafuta.

Siku ya tano ya dawa, saa za magharibi, chumba kimenyamaza, ikasikika sauti. Samahani kwa neno, ndugu msomaji: ushuzi. Mrefu, wa heshima zake. Dada alipiga vigelegele. Mama wa kitanda cha pili akaitikia. Daktari alipokuja akaweka kipima sauti tumboni, akatabasamu, akasema utumbo umeanza kuzungumza. Sijawahi kuona familia nzima ikishukuru Mungu kwa jambo kama hilo, na sioni aibu kulisimulia.

Yule mama wa kitanda cha pili alikuwa na kijana wa miaka tisa mwenye maradhi ya figo, kwenye steroidi tangu mwaka ulioanza. Yeye hakuwa amewahi kuugua tetekuwanga, aliipata chuoni, na ikamtoka mwili mzima pamoja na mapafu. Mama yake alijua kwamba kuna mtoto mgonjwa darasani. Alijua wiki mbili kabla. Alichofanya ni kile ambacho mama zetu wote walifanya: alimwacha achanganyike na wenzake "aimalize mapema." Kwa mtoto mzima desturi hiyo mara nyingi haina madhara makubwa. Kwa mtoto wa steroidi ni kumsukuma barabarani. Hakuna aliyemwambia, na kadi ya kliniki aliyopewa ilikuwa na tarehe na majina ya dawa tu.

Basi yafaa niseme wazi yale ambayo madaktari walituambia, baada ya sisi kuuliza mara tatu tatu.

Kama una mtoto wa aina hizo nilizotaja, na amekaa chumba kimoja na mwenye tetekuwanga, usingoje kipele. Mpeleke au mpigie daktari wake siku hiyo hiyo, hata kama mtoto anaruka kamba. Kuna sindano ya kingamwili inayofaa ikitolewa ndani ya siku 10, ingawa kwetu ni nadra kupatikana, na kuna njia ya kumpa asiklova ya kumeza kwa siku kadhaa kabla ugonjwa haujatoka. Zote zina saa zake. Saa zikipita, zimepita. Na kumbuka kwamba mgonjwa wa tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kuonekana, na huendelea mpaka kipele cha mwisho kikauke.

Kama bibi au babu nyumbani ana mkanda wa jeshi, afunike vipele kwa kitambaa safi. Maji yake yanaweza kumpa tetekuwanga mtoto ambaye hajawahi kuugua.

Kama mtoto huyo amefura tumbo, anatapika, hapati choo wala hewa, msimpe kastoroili, wala msimpige bomba. Utumbo uliotanuka unaweza kupasuka, na kwa mtoto wa saratani mwenye seli nyeupe chache, kumwingiza kitu njia ya nyuma kunaweza kuingiza vijidudu kwenye damu. Mwambieni daktari mambo matatu bila kungoja kuulizwa: anatibiwa nini, anatumia dawa gani, na kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Sisi lile la tatu hatukulisema. Wallahi hatukujua kama lina uzito.

Homa ya tetekuwanga, kwa mtoto yeyote, ni parasetamoli. Si aspirini. Aspirini pamoja na virusi hivi inaweza kuleta ugonjwa wa ghafla wa ini na ubongo. Maji ya muarobaini na kalamini ya pinki kwa kuwasha hayana ubaya, na kuogeshwa aogeshwe; hilo la kwamba maji yanarudisha vipele ndani halina msingi.

Na chanjo? Ipo, na ina historia ya baba na mwana. Mwaka 1964 daktari wa Kijapani, Michiaki Takahashi, alikuwa Marekani kwa masomo mtoto wake wa kiume wa miaka mitatu alipougua tetekuwanga vibaya. Alikesha naye usiku baada ya usiku. Aliporudi Japani akaanza kazi, na miaka kumi baadaye akatangaza chanjo, iliyotokana na virusi vilivyochukuliwa kwa mtoto wa ukoo wa Oka na kudhoofishwa. Marekani iliikubali mwaka 1995. Hapa Kenya haimo katika chanjo za bure za watoto. Surua imo, polio imo, ile ya kuharisha ya rota iliingia mwaka 2014. Ya tetekuwanga utaipata kwenye kliniki za kulipia, kwa pesa yako. Naelewa hazina ya serikali ina mwisho wake na kuna maradhi yanayoua watoto wengi zaidi. Lakini sioni kwa nini wizara isiwape bure angalau ndugu wa mtoto wa saratani na wa figo. Hao wanahesabika, majina yao yako kwenye mafaili ya hospitali.

Nasema ndugu zake, na si yeye, kwa sababu chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto ambaye kinga yake imeshuka sana hachanjwi. Virusi vilivyodhoofishwa kwake vinaweza kupata nguvu. Wanaochanjwa ni wale wanaomzunguka, ili ugonjwa usipate mlango wa kuingilia nyumbani. Mwenye virusi vya UKIMWI aliye kwenye dawa na kinga yake imepanda anaweza kuchanjwa, daktari wake akipima na kukubali.

Mpwa wangu alikaa hospitali siku kumi na tisa. Majibu ya Nairobi yalirudi yakithibitisha, yeye akishakula uji. Matibabu ya saratani yalisimamishwa wiki kadhaa kisha yakaendelea, na sasa anatumia asiklova ya kumeza kila siku kama kinga. Utumbo wake haujarudi kama zamani. Anakunywa dawa ya kulainisha choo, hawezi kula pilau sahani nzima kwa mkao mmoja, na akishiba sana tumbo humfura upande mmoja akalala chali mpaka lishuke. Daktari anasema seli zilizobaki zinaweza kujifunza kubeba kazi ya zilizokufa, lakini itachukua muda, na hakutaja muda gani.

Wiki iliyopita dada alimchukua yule mdogo, wa miaka miwili, akaenda naye kliniki kuchanjwa. Alikuwa ameweka pesa za chama miezi miwili. Muuguzi wa mapokezi akamwangalia, akamuuliza kwa nini anatupa pesa zote hizo kwa ugonjwa wa kujikuna tu. Dada hakumjibu. Alitoa simu kwenye mkoba, akaitafuta ile picha ya eksirei, akamwekea juu ya meza.